Injini Ikizimika na Kukataa Kuwaka

Gari la kazi likizimika katika msongamano wa Barabara ya Jinja, Kampala, dereva hulaumiwa kabla boneti haijafunguliwa. Tuchunguze kwanza. Injini ya petroli huhitaji hewa, petroli na cheche. Stata ikiizungusha kwa nguvu, betri haina kosa. Tutazame petroli: tangi lina kitu? Chujio limeziba? Pampu ya umeme inasikika tukifungua swichi? Kisha cheche za plagi, mbali na petroli. Injini ikizimika kwa joto na kuwaka ikipoa, mara nyingi koili au sensa ni mbovu. Tusikimbilie vipuri Kisekka. Na mshahara wa dereva usiguswe: Sheria ya Ajira ya 2006 imeweka mipaka ya makato.