Fahamu: Kwa nini kijana mwenye wasiwasi huweza kurusha ngumi

Mwoga hukimbia, mkali hupigana. Ndivyo wengi wanavyodhani, lakini tafiti zinasema vingine.

Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Dodge, aliwapa wavulana wa shule picha ya vipande waiunganishe, kisha ikaharibiwa, ikidaiwa ni mwenzao kaivuruga. Nia yake ilipokuwa haieleweki, wavulana wagomvi waliona uadui. Wengine walichukulia ni bahati mbaya.

Wasiwasi nao hupita mlango huohuo. Moyo unadunda, mwili uko tayari, na kukanyagwa kiatu tu kwaonekana shambulio. Kumchapa kiboko hapo humthibitishia kijana kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Hata hivyo, wenye wasiwasi wengi hujitenga tu, hawamgusi mtu.

Kinachowatofautisha wanaojitenga na wanaopigana, kwa sehemu, ni haiba. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima. Walipofikisha miaka 18, waliovunja sheria zaidi walikuwa wepesi wa hasira na hofu, na wazito wa kujizuia. Mtafiti Terrie Moffitt alieleza mwaka 1993 kwamba wengi wa vijana wakorofi huacha ukorofi wakishaingia utu uzima. Wachache huendelea, na hao huanza wakiwa wadogo sana.