Mizani Nayo Ipimwe

Kusini mwa jimbo la Maniema, Congo, namba ya kilo huamua dawa ya mtoto na wasiwasi wa mzazi. Kabla ya kuiamini namba hiyo, tuihoji kwanza mizani iliyoitoa.

Siku ya CPS, yaani kliniki ya kupima watoto wadogo, katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare huanza kwa mizani. Kamba inafungwa kwenye boriti au kwenye tawi la mwembe, mizani ya mshale inaning'inizwa, na akina mama wanapanga foleni na watoto wao mgongoni. Mtoto anavishwa suruali ya kupimia, anatundikwa, analia na kurusha miguu. Mshale unacheza huku na huku. Muuguzi anasubiri kidogo, kisha anasoma: "Kilo nane na nusu, mama." Namba inaandikwa kwenye fishi, na mtoto mwingine anaitwa.

Mama anaondoka na swali. Juzi tu, kwa jirani mwenye mizani ya bafuni iliyonunuliwa Kindu, mtoto huyohuyo alikuwa na kilo tisa na ushei. Je, amekonda ndani ya siku mbili? Kama hajakonda, basi mojawapo ya mizani hizi inadanganya. Lakini ni ipi?

Swali lake ni la haki, na linastahili jibu. Mtu mzima akizidishiwa au kupunguziwa nusu kilo, mara nyingi hapotezi kitu. Kwa mtoto wa kilo tisa, nusu kilo ni zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya mwili wake wote.

Nusu kilo na kidonge

Chukua malaria, ugonjwa ambao hakuna nyumba huku isiyoujua. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana Congo ni ile ya artesunate na amodiaquine ndani ya kidonge kimoja. Vidonge vyake vimepangwa kwa uzito. Mtoto wa kuanzia kilo 4.5 hadi chini ya 9 hupewa kidonge chenye miligramu 25 za artesunate. Akifika kilo 9, hadi chini ya 18, hupewa chenye miligramu 50. Maana yake, kwenye mstari wa kilo 9 dawa inaongezeka mara mbili. Mtoto mwenye kilo 9.2 akisomwa 8.6 atapata nusu ya dawa aliyostahili. Mwenye 8.6 akisomwa 9.2 atapewa mara mbili ya kiasi chake. Muuguzi amefuata jedwali bila kukosea hata nukta. Kosa limetoka kwenye mizani.

Watu wazima nao wana mistari yao. Mgonjwa wa kifua kikuu mwenye kilo 40 hadi 54 humeza vidonge vitatu vya dawa mchanganyiko kwa siku. Kuanzia kilo 55 hadi 70 humeza vinne. Mama mjamzito hufuatiliwa kilo zake mwezi hadi mwezi. Mgonjwa wa moyo anayeongezeka kilo mbili ndani ya siku chache huenda anajaa maji mwilini, na anapaswa kuonwa na daktari upesi. Kwa mtu huyo, mizani inayokosea kilo mbili kila inapohamishwa haina faida yoyote. Itamtisha siku aliyo mzima na kumtuliza siku aliyo hatarini.

Dhahabu ina walinzi

Nchi hii haikuanza jana kupima. Kasongo ilipokuwa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, pembe za ndovu zilihesabiwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda pwani. Enzi za Wabelgiji, mkulima alilazimishwa kulima pamba, na siku ya soko mizani ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Aliyeshika mizani ndiye aliyeamua mkulima arudi nyumbani na nini.

Leo, upande wa Kabambare, kipimo kinachotazamwa kwa macho makali ni cha dhahabu. Kule Salamabila na Namoya, ambako kampuni ya madini ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, gramu moja ni fedha. Mchimbaji anayeuza na mnunuzi wote hukodolea macho mizani. Wanataka kuiona imeanzia sifuri, wanaikinga na upepo, na atakayeitilia shaka atasema palepale.

Hakuna anayemwona mchimbaji huyo kuwa mkorofi, kwa sababu anatetea jasho lake. Basi mama anayeomba mizani ijaribiwe kabla mtoto wake hajatundikwa asionekane mkorofi pia. Anachotetea ni kikubwa kuliko gramu ya dhahabu.

Mizani inaharibikaje

Mizani za watu zinazopatikana sokoni ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya springi: unapanda, springi inavutika au inabanwa, na mshale unazunguka. Ya pili ni ya elektroniki, mara nyingi ya kioo, yenye vihisio vidogo kwenye miguu yake minne na namba zinazowaka.

Adui wa springi ni safari na umri. Ikitoka Kindu au Bukavu juu ya pikipiki, inagongwa kwenye kila shimo la barabara. Ikiachwa na mzigo juu yake, springi huchoka na haijirudi sawasawa. Unyevu wa msimu wa mvua huleta kutu. Nyingi zina kiguruduma kidogo cha kurudisha mshale kwenye sifuri, lakini mshale kusimama kwenye sifuri hakuthibitishi kwamba kwenye kilo 60 utasema kweli.

Adui mkubwa wa ile ya elektroniki ni sakafu. Vihisio vyake vinataka miguu yote minne ikanyage sawasawa mahali pagumu. Ukiiweka kwenye udongo, mkeka au zulia, uzito unapotea njiani. Betri ikichoka, namba zinayumba. Ukiihamisha kisha ukapanda papo hapo kabla haijajirudisha kwenye sifuri, kipimo cha kwanza usikihesabu.

Kuna pia jambo ambalo wengi hawalijui. Mizani ya springi na ya elektroniki hupima jinsi dunia inavyotuvuta chini, na mvuto huo haulingani kila mahali: karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya. Mizani iliyorekebishwa kiwandani Ulaya ya kati, ikiletwa Kasongo bila kurekebishwa upya, itamsoma mtu wa kilo 60 pungufu kwa takriban gramu 200. Kosa hilo ni dogo, na kwa matumizi ya nyumbani halina neno. Mizani ya kizamani ya mkono na mawe haina tatizo hilo, kwa kuwa inalinganisha uzito na uzito.

Shahidi ni maji

Nani basi atatuamulia? Ofisi ya udhibiti ya taifa, OCC, ilianzishwa mwaka 1974, na upimaji ni sehemu ya kazi yake, lakini mwenye mizani yake kijijini hana haja ya kumngoja mkaguzi. Shahidi mwaminifu tunaye nyumbani: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Wengi watakimbilia bidoni ya njano ya lita 20. Wasiikimbilie. Bidoni tupu peke yake ina karibu kilo moja, na ikijazwa hadi mdomoni mara nyingi hupita lita 20. Afadhali chupa za maji za dukani za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Chupa sita ni kilo 9, na plastiki yake huongeza gramu mia mbili hivi. Angalia namba hiyo: kilo 9 ndiyo mstari uleule wa dawa ya malaria ya watoto. Chupa zikitundikwa kwenye mizani ya kituo na mshale ukasoma kilo nane na nusu, kila aliyepo ameona kosa liko wapi.

Mizani ya kusimama ijaribiwe hivi. Iweke kwenye saruji. Panda, soma, shuka. Rudia mara tatu. Kisha panda ukiwa umeshika chupa moja: namba iongezeke kilo moja na nusu. Usiiruke hatua hii, maana baadhi ya mizani za elektroniki hukumbuka kipimo cha mwisho na kukirudia kama hakijabadilika sana, ili zionekane thabiti. Chupa itazifichua. Mwisho, egemea kidogo mbele, nyuma, kushoto na kulia. Namba ikiruka zaidi ya nusu kilo, mizani hiyo haifai.

Ukienda sokoni

Usinunue mizani iliyofungwa kwenye boksi. Mwombe muuzaji aitoe, na ufanye majaribio hayo mbele yake. Anayeiamini bidhaa yake hatakataa.

Tazama hatua za kipimo. Mizani ya mshale yenye mistari ya kilo nzima yamtosha mtu mzima anayetaka kujua kama ananenepa. Kwa mtoto haifai. Mama akisimama peke yake mshale unakaa kati ya 57 na 58. Akimbeba mtoto unakaa kati ya 65 na 66. Mtoto ana kilo saba, nane au tisa? Haiwezekani kujua, kwa sababu kosa la kipimo cha kwanza limejumlishwa na la kipimo cha pili. Kwa kazi hiyo inatakiwa mizani inayosoma kila gramu 100. Ile ya elektroniki ambayo UNICEF huipeleka vituoni ni ya namna hiyo: inapima hadi kilo 150 kwa hatua za gramu 100, na mama akishapanda inarudishwa kwenye sifuri, kisha anapokezwa mtoto na uzito wa mtoto unaonekana peke yake.

Tazama betri. Ile bapa kama sarafu huenda usiipate tena ukishaondoka mjini. Betri za kawaida za redio au tochi huuzwa hadi vijijini. Tazama upana wa ubao, miguu ya mpira, na kama kioo kitastahimili barabara ya kwako. Usiongeze pesa kwa sababu ya mizani inayodai kupima mafuta ya mwili: inapitisha umeme mdogo miguuni na kukisia, na ukinywa maji mengi tu jibu linabadilika.

Ukishainunua, iache mahali pamoja. Jipime asubuhi, umeshatoka msalani, kabla ya kula, bila viatu, ukiwa na nguo nyepesi. Mwili huenda juu na chini kilo moja hadi mbili kwa siku kwa chakula na maji peke yake. Linganisha wiki na wiki, kwenye mizani ileile. Mizani inayozidisha kilo moja kila siku bila kubadilika ina manufaa kuliko inayosema kweli leo na kudanganya kesho.

Somo lililotoka Kasongo

Kasongo ina neno la kuiambia dunia kuhusu jambo hili, na iliwahi kulisema. Kuanzia miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, iliendesha mradi wa afya hapa. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa na kufuatiliwa, na matokeo yalichapishwa kwa jina la timu ya Mradi wa Kasongo. Makala zao za mwaka 1983 na 1986 zilionyesha kwamba uzito, au kupungua kwa kasi ya kukua kati ya kipimo na kipimo, havikutosha kumtambua mtoto aliyekuwa karibu na kifo. Miaka hiyo dunia nzima ilikuwa ikihimiza kupima watoto kila mwezi, na sauti iliyotaka watu wafikiri zaidi ilitoka huku.

Hii haina maana kwamba tuache kupima. Dawa bado zinatolewa kwa kilo, na mtoto asiyeongezeka bado anatuambia jambo. Ila namba ya mizani ni shahidi mmoja kati ya kadhaa. Mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba, ule ambao majirani zetu wa Kivu huuita bwaki, huonekana mzito kwa sababu amejaa maji. Mizani nzuri kabisa itampitisha. Kidole gumba kitamgundua: bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde tatu, shimo likibaki pande zote mbili, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu nao ni shahidi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni hatari, na kati ya 115 na 125 ni onyo. Utepe hauna springi wala betri.

Kinachohitajika sasa ni kidogo na kinawezekana. Kila kituo, kuanzia Kasongo na Kunda hadi Lusangi, Kabambare na Salamabila, kiweke chupa sita zisizofunguliwa kando ya mizani. Kila asubuhi ya CPS zitundikwe mbele ya akina mama kabla ya mtoto wa kwanza, na kipimo chake kiandikwe kwenye daftari pamoja na vya watoto. Mizani ikikosea, irekebishwe au iwekwe kando, na ripoti ipelekwe ofisi ya ukanda wa afya (zone de santé). Kamati za afya za vijiji zina haki ya kuliona daftari hilo, na zianze kuliomba.