Acha Kumwogesha Mbwa kwa Dawa ya Josho

“Daktari, dawa ya ng'ombe nichanganye kiasi gani kwa mbwa?” Swali hili naulizwa kwenye simu, naulizwa sokoni Mwaloni hapa Mwanza nikinunua dagaa, nimeshaulizwa hata msibani. Mkazi wa Capri Point huuliza lilelile analouliza mfugaji wa Kisesa. Jibu ni kwamba hakuna kiasi. Usichanganye. Kwa kuwa jibu fupi halijamzuia mtu, leo nitatoa sababu zake zote, nami nataraji kwamba atakayesoma mpaka mwisho hataniuliza tena.

Nafahamu swali hili lilikotoka. Kanda ya Ziwa ni nchi ya ng'ombe, na dawa ya kuogeshea haikosekani katika duka lolote la pembejeo. Tangu mwishoni mwa 2018, serikali ilipoanzisha kampeni ya kuogesha mifugo kwa dawa za ruzuku, hata asiye na ng'ombe anaijua harufu yake. Ng'ombe anapita joshoni, kupe wanadondoka, ndigana kali inapungua. Mwenye mbwa anatazama, anasema kupe ni kupe, anachukua chupa. Siku mbili tatu mbwa yu safi. Wiki ya pili kupe wamejaa masikioni, na hapo ndipo simu inapopigwa: “Daktari, dawa imekuwa nyepesi, niongeze?”

Dawa haikuwa nyepesi. Kupe uliowaua walikufa. Hawa unaowaona ni wengine, na wametoka ukutani.

Kupe kahawia wa mbwa hula mara tatu katika maisha yake: akiwa bado mdogo mwenye miguu sita, akikua kidogo, kisha akiwa mkubwa. Kila mlo huchukua siku chache. Baada ya kila mlo hujiachia, huondoka kwa mbwa na kutafuta ufa wa kujificha. Jike lililoshiba hupanda ukuta, hujipenyeza kwenye mwanya wa tofali, nyuma ya fremu ya mlango au chini ya bati, na kutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa. Wanaoanguliwa humsubiri mbwa hapohapo. Kupe mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Hapa Mwanza tumewapa makazi ya ziada: nyumba zetu zimejengwa kati ya majabali, na mbwa hulala mchana kutwa kwenye kivuli cha jiwe lenye nyufa. Chukua tochi usiku, mulika pembe za banda pale ukuta unapokutana na bati. Utawaona wametulia kwa mafungu, wengine wadogo kama punje ya ulezi.

Viroboto nao ni hivyohivyo. Wanaoruka kwenye manyoya ni sehemu ndogo ya kundi lote. Mayai, viwavi na mabuu wako kwenye vumbi, kwenye gunia analolalia mbwa na chini ya kochi lako.

Kwa hiyo ukiongeza ukali wa dawa mwilini mwa mbwa, kupe aliye ukutani hajaguswa hata kidogo. Aliyeongezewa sumu ni mbwa peke yake. Hata ng'ombe haogeshwi mara moja akaachwa. Josho ni ratiba, wiki kwa wiki. Kinachomlinda ni kurudia kwa kipimo sahihi.

Watu husema pia kwamba mbwa ni mnyama kama ng'ombe, tofauti ni ukubwa tu, basi apewe kidogo. Hapana. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kuliko mkubwa, ukilinganisha na uzito wake: kwa kila kilo moja, mbwa wa kilo 10 ana eneo la ngozi karibu mara tatu ya ng'ombe wa kilo 300. Ngozi yenyewe ni nyembamba zaidi. Mwagia wote wawili maji yaleyale, na mbwa amebeba sumu mara tatu kwa kila kilo. Kisha ng'ombe hukauka juani malishoni, ilhali mbwa hujikunja kivulini na kuanza kujilamba, miguu, tumbo, mkia. Ulichompaka nje kinaingia ndani.

Na vipimo vyetu ni vya kubahatisha. Chukua amitrazi ya ng'ombe ya asilimia 12.5, ambayo lebo yake huagiza mililita 2 kwa lita moja ya maji. Kifuniko cha chupa ya soda hubeba mililita 5 au zaidi. Mtu anamimina vifuniko viwili kwenye lita moja “ili ikolee”, na tayari amefika mara tano ya kipimo cha ng'ombe. Wapo wanaopaka bila maji kabisa, kwa kitambaa. Mbwa huyo atalegea, mapigo ya moyo yatapungua, mwili utapoa, sukari ya damu itapanda. Ni kweli sisi madaktari tunatumia amitrazi kwa mbwa wenye ukurutu wa aina fulani. Tunampima uzito, tunapima dawa kwa bomba, hatumpi mtoto wala mwenye mimba, na tunamwangalia baadaye. Usiseme “mbona nanyi mnaitumia” kama huna mzani.

Jambo linalonikasirisha kuliko yote ni chupa isiyo na jina. Muuzaji anafungua chupa ya lita, anavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, anazimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa na kukukabidhi. Lebo imebaki dukani. Unaiita “dawa ya kupe”, lakini dawa za kupe ni koo kadhaa, na kila ukoo unaua kwa njia yake. Oganofosifeti humtoa mbwa mate na machozi, humharisha, humtetemesha, na mboni za macho hubana zikawa kama tundu la sindano. Tiba yake ni atropini. Amitrazi humlaza, na huko atropini haifai kabisa, inaweza kumzidishia madhara; ipo dawa yake nyingine. Zile za jamii ya pareto, kama saipamethrini, humtetemesha misuli mpaka degedege, nazo hutulizwa kwa njia ya tatu. Ukinifikishia mbwa anayetetemeka pamoja na chupa ya maji yenye kimiminika cheupe, umeniomba nichague tiba kwa kukisia, wakati kosa langu linaweza kuwa ndilo litakalommaliza.

Na si dawa ya josho tu: ukisikia mtu anatumia kiuatilifu cha pamba kwa mbwa, mzuie. Kile kimetengenezwa kwa ajili ya jani. Oili chafu ya gereji ina masizi na madini mazito kama risasi, na mbwa ataimeza yote kwa ulimi. Mafuta ya taa huchoma ngozi, na yakiingia mapafuni huua. Ugoro una nikotini, nayo ni sumu kamili. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe, ile ya mililita 1 kwa kilo 50, haiui viroboto, na kwa kupe wa mbwa haitegemeki. Mbwa wa kilo 10 akichomwa mililita nzima amepata mara tano ya kipimo cha ng'ombe. Kuna koo za mbwa, hasa kolie na baadhi ya German Shepherd, zenye kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo ipenye mpaka kwenye ubongo. Mbwa wa ulinzi wenye damu ya German Shepherd wamejaa mjini hapa, na hakuna anayejua kwa kumtazama nani ana kasoro hiyo.

Nyumba yenye paka ina hatari nyingine. Ini la paka haliivunji vizuri permethrini, nayo ya jamii ya pareto. Paka akilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo anaweza kufa yeye, mbwa akabaki mzima. Na msimwoshe mbwa ziwani. Dawa za jamii ya pareto huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na watu wa viwanda vya minofu hapa Mwanza wanakumbuka gharama yake. Kuna na hatari ya usugu: ng'ambo, nchini Uganda, uchunguzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kupe waliokwisha kuwa sugu kwa dawa za aina zaidi ya moja. Tukiendelea kumimina ovyo, tutafika hukohuko.

Sasa kuna swali la pili ninaloulizwa: “Nimesikia vidonge vya kupe vinaua mbwa.” Vidonge hivyo, kama Bravecto, NexGard, Simparica na Credelio, ni ukoo mmoja. Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba baadhi ya mbwa waliovimeza walitetemeka, walipepesuka au walipata degedege, hata ambao hawakuwahi kabla. Mamlaka hiyohiyo ilisema ni salama kwa mbwa walio wengi, na haikuviondoa sokoni. Mwambie daktari kama mbwa wako aliwahi kupata degedege. Kama ndiyo, tutachagua kitu kingine. Kukikimbia kidonge kilichopimwa ukaikimbilia chupa isiyo na lebo ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Njia zilizopo ni hizi. Kidonge, kwa uzito wa mbwa: Bravecto ni wiki 12, vingine mwezi. Matone ya fipronili shingoni kila mwezi, ila usimwekee sungura kamwe. Mkanda wa shingoni wa mbwa, ununuliwe ukiwa umefungwa kiwandani, kwa sababu ya bandia ipo. Mtoto wa chini ya wiki 8 mchomoe kupe kwa kibanio, karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumpasua kupe kwa vidole. Kagua masikio, kwapa, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kisha banda: ziba nyufa kwa saruji, choma magunia ya zamani, fua matandiko kwa maji ya moto, fagia kila siku, fyeka nyasi. Ukipuliza dawa, puliza kuta kwa kipimo cha lebo, mbwa na kuku wakiwa nje mpaka pakauke. Rudia, maana mayai yataanguliwa.

Kama mbwa ameshapakwa na anatetemeka au analegea: vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mpeleke kwa daktari. Usimnyweshe maziwa, hayazimi sumu, na mbwa mwenye degedege atayavuta mapafuni. Usimtapishe. Beba chupa yenye lebo yake.

Na ukienda dukani, acha swali la kuchanganya kiasi gani. Uliza mawili: dawa hii imeandikwa kwa mnyama gani, na kiambato chake ni nini? Soma majibu kwenye lebo kwa macho yako mwenyewe. Lebo ikiwa haipo, au ikiwa haikutaja mbwa, rudisha hela mfukoni uende duka jingine.