Panya wenye jeni kiashiria: ni nani hasa anayetoa taarifa?

Katika makala za biolojia ya seli, mfasiri hukutana na panya wa maabara ambao Kiingereza huwaita kwa neno lile lile linalotumika kwa ripota wa gazeti. Akitosheka na maana ya kwanza katika kamusi, ataandika "panya ripota", na msomaji atabaki akijiuliza panya huyo anaripoti nini, na kwa nani. Dawa ya kosa hili ni kufahamu kwanza jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi, ndipo jina litafutwe.

Tuchukue mfano wa panya aitwaye mito-QC, aliyeelezwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti. Panya huyu amepandikizwa jeni inayotengeneza protini mbili zilizounganishwa, moja ya kijani na nyingine nyekundu. Protini hizo hujishikiza kwenye utando wa nje wa mitokondria, yaani vijisehemu vinavyoipatia seli sehemu kubwa ya nishati yake. Zikimulikwa chini ya hadubini, hung'aa kwa rangi zote mbili. Mitokondria ikichakaa, seli huipeleka ndani ya lisosomu, kifuko chenye asidi, ili imeng'enywe humo. Asidi huuzima mwanga wa kijani, mwekundu husalia. Kwa hiyo kitone chenye wekundu mtupu ni alama ya mitokondria iliyokwisha kuingia katika lisosomu.

Kutokana na maelezo hayo, mfasiri azingatie mambo matatu.

Kwanza, kinachotoa taarifa ni jeni pamoja na protini zake. Panya ni mbebaji tu. Istilahi inayofaa, basi, ni "panya mwenye jeni kiashiria". Upatanisho nao ufuate mantiki hiyo: panya aliyepandikizwa jeni, lakini jeni iliyopandikizwa.

Pili, vitenzi vichaguliwe kwa uangalifu. Linganisha:

Si sahihi: Rangi ya kijani ilipotoweka, mitokondria zilikuwa zimekufa.
Sahihi: Mwanga wa kijani ulipozimika, mitokondria zilikuwa zimeingia katika lisosomu.

Sentensi ya kwanza inatangaza maafa, ilhali ya pili inaeleza usafi. Tofauti hii si ya mapambo, kwa kuwa usafi huo hutokea hata katika tishu za panya wenye afya. Mfasiri akiandika "zimekufa", msomaji atadhani anasoma habari za ugonjwa, na matokeo ya utafiti yatakuwa yamepinduliwa kwa kitenzi kimoja.

Tatu, silabi ya mwanzo ya "mitokondria" isitudanganye. Wapo wanaoidhania kuwa kiambishi cha wingi, kama katika miti na mikate, wakaunda umoja "mtokondria". Lugha yetu imewahi kufanya hivyo: neno la Kiarabu lililotupa "kitabu" halikuwa na kiambishi ki-, lakini leo tunasema "vitabu" bila kusita. Hata hivyo, "mtokondria" haijakubalika katika maandishi ya kitaaluma. Tuandike mitokondria hii katika umoja, na mitokondria hizi katika wingi.

Kamusi humpa mfasiri maneno mengi ya kuchagua. Lipi linafaa, hilo ataambiwa na kazi ya kitu chenyewe.