Tumbo Dogo, Uji Mzito

Mtoto wa miezi sita mwenye kilo 7 au 8 ana tumbo linalobeba mililita 200 hadi 240 hivi kwa mlo mmoja, yaani kikombe cha chai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula anapokuwa na miezi 6 hadi 8, kisha 300 akifikisha 9 hadi 11, na 550 katika mwaka wake wa pili. Kilokalori 200 zinasikika kuwa kidogo. Ugumu uko katika kuzipitisha kwenye kikombe hicho.

Chukua uji mwepesi ambao watoto wengi wa Afrika Mashariki huanzishiwa: gramu 5 za unga kwa kila mililita 100. Uji huo una kilokalori 18 hivi. Maziwa ya mama, kwa kiasi kilekile, yana zipatazo 65. Kwa hiyo mtoto aliyejazwa uji mwepesi asubuhi ameshiba maji, na akiwekwa kwenye titi analikataa ilhali lina nguvu zaidi ya mara tatu ya alichokunywa. Ili uji huo umtosheleze kwa siku, ingembidi anywe zaidi ya lita moja juu ya maziwa, na hawezi. Uzito wake kwenye kadi ya kliniki huanza kusimama, na mama anaambiwa hamlishi mtoto, wakati kutwa nzima amekuwa akimlisha.

Kinachomlazimisha kuongeza maji ni wanga wenyewe. Chembe za wanga zikipata moto hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo yake mirefu hushikana. Ukifikisha gramu 10 za unga kwa mililita 100, uji tayari ni mzito. Kwa gramu 20 unakaribia ugali laini, na mtoto asiye na meno hawezi kuumeza. Hapo mama huchagua kati ya uji unaomezeka na uji unaoshibisha. Anayeutilia kwenye chupa na kupanua tundu la chuchu huishia kwenye mwepesi kuliko wote.

Suluhisho lilikuwepo jikoni siku nyingi. Wachaga hukitumia kutengeneza mbege, na mikoa mingine hutengenezea togwa: kimea, nafaka iliyooteshwa. Ulezi unapochipua hutengeneza vimeng'enya vya amilesi vya kukata minyororo ya wanga ili mche mchanga upate chakula. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa, ukitiwa kwenye uji mzito, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya sufuria. Uji hulegea bila kuongezwa tone la maji. Gramu 20 za unga zikamezeka, na mililita 100 zikabeba kilokalori 70 hivi, zaidi kidogo ya maziwa ya mama. Ninaamini kila kliniki ya mama na mtoto ingepaswa kuwa na bakuli la kimea mezani na kuonyesha jambo hili kwa macho, maana hutokea kwa dakika chache tu.

Namna ya kukiandaa ni hii. Loweka ulezi safi usiku kucha, chuja, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Sugua vichipukizi vitoke, upepete, usage. Mtama nao unafaa, lakini machipukizi yake yana kemikali inayozaa sumu ya sianidi, hivyo kuyaondoa ni lazima. Kwa mtoto, ulezi ni salama zaidi. Pika uji mzito kama kawaida, uepue, uache upoe kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vinakufa. Tia kijiko kimoja cha chai, koroga, ukiona umelegea urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu nafaka iliyokaa na unyevu hubeba vijidudu.

Hata hivyo uji, hata ukiwa mzuri namna gani, hautatui upungufu wa madini ya chuma. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huelekea kuisha anapokaribia miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Nafaka zina chuma, lakini fitati zilizomo humo hukishika kisifyonzwe. Ndiyo maana sikubaliani na unga wa lishe unaochanganya nafaka saba au nane ukadhaniwa umemaliza kila kitu. Kuongeza aina za nafaka ni kuongeza wanga tu. Karanga zikisagwa humo mafuta yake huchacha upesi, na soya isiyokaangwa vizuri huzuia mwili kumeng'enya protini.

Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kimo kwenye nyama, maini na samaki. Dagaa, ambao Kenya ni omena, ndio wa bei nafuu: chambua, osha mchanga, kausha motoni, twanga uwe unga, uchekeche, utie kijiko kwenye chakula. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kimejaa kianzio cha vitamini A. Kipondwe pamoja na unga wa dagaa na mafuta kijiko cha chai, ambayo peke yake huongeza kilokalori 40. Pwani kuna mseto wa mchele na choroko, upikwe mpaka urojeke, umaliziwe kwa tui la nazi. Kilimanjaro kuna mtori: ndizi na nyama iliyochemshwa mpaka ikachambuka, vikapondwa pamoja. Kiini na ute wa yai lililoiva kabisa, parachichi lililopondwa, mchicha uliokamuliwa ndimu, vyote vinafaa tangu mwanzo. Ndimu hiyo ina kazi, kwani vitamini C husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Chumvi na sukari havihitajiki. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa hatari ya botulizimu, na karanga nzima humkaba koo.

Chakula cha kwanza kibaki kwenye kijiko unapokiinamisha, kisidondoke kama maji. Vijiko viwili vitatu vinatosha siku za mwanzo, mara mbili au tatu kwa siku, na akigeuza uso mwache. Kumbana mikono na kumnywesha kwa nguvu humfundisha kuogopa chakula, na kinaweza kuingia mapafuni.

Kabla ya kupeleka nafaka mashineni, imwage kwenye ungo, uchague. Sumukuvu hutokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, waliokula mahindi ya shambani kwao. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, asipewe mtoto wala kuku.