Sanduku la Baridi Kali Lipimwe Kabla ya Safari

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, soma vizuri maneno haya. Siku moja sanduku la chanjo litapita mikononi mwako: kwenye lori, kwenye mtumbwi, au kwenye uwanja wa ndege wa Bangoka. Ndani yake kuna uzima wa watoto, pengine wa kwako.

Mwaka 1976 ugonjwa ulizuka Yambuku, kaskazini-magharibi ya Kisangani. Damu ya mgonjwa ilitumwa kutoka Kinshasa mpaka Antwerp, Ubelgiji, katika thermos ya kawaida. Ilipofika, barafu ilikuwa imeyeyuka na chupa moja imevunjika. Virusi vya Ebola viligunduliwa hata hivyo, kwa bahati. Chanjo haiwezi kutegemea bahati.

Chanjo ya Ebola iliyotolewa Équateur mwaka 2018, kisha Kivu ya Kaskazini na Ituri, jirani zetu, huhifadhiwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Sanduku lake lina kuta mbili. Katikati hakuna hewa. Pigo moja laweza kupasua ukuta, hewa ikaingia, nawe usione kitu. Ndiyo sababu linapimwa, hivi:

1. Lipakie kama kwa safari ya kweli, pamoja na vifurushi vyote vya baridi. Weka vipima-joto vinavyojiandikia: kimoja chini, kimoja karibu na kifuniko, kwa maana joto hupenda kuingilia juu.

2. Lifunge, uliache katika joto letu la mchana, si katika chumba cha baridi, kwa siku zinazozidi zile za safari.

3. Soma vipimo saa kwa saa. Kama joto limepita mpaka wake mapema, sanduku halisafiri.

4. Tazama nje. Ukuta ukitoa jasho au barafu, umeharibika.

Masanduku mengine hutumia nitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sifuri. Hayo hupimwa kwa mizani kila siku: uzito unaopungua ni nitrojeni inayotoroka. Wewe wa mgodi unajua hewa mbaya ya shimoni. Lita moja ya maji hayo hutoa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, inayofukuza hewa ya kupumua. Usiyaweke katika chumba kidogo kilichofungwa, wala usikae nayo ndani ya gari lenye madirisha yaliyofungwa. Usiyashike kwa mkono mtupu; yanaunguza kama moto.

Basi, usifungue sanduku ili kuona tu. Usililaze. Likianguka, mwambie mkubwa wako mara moja, usiogope lawama. Chanjo iliyoharibika haijulikani kwa macho: mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani na furaha, lakini kinga haipo.