Nchi Jirani: Mlima Kenya na Wajibu wa Mwenye Kuupanda



Kenya ilipojipatia uhuru mwezi Desemba 1963, bendera ya taifa hilo jipya haikupandishwa Nairobi peke yake. Ilipandishwa pia juu ya Lenana, kilele cha Mlima Kenya chenye urefu wa mita 4,985, ambako Kisoi Munyao na wenzake waliipeleka kwa miguu. Huku kwetu jambo kama hilo lilikuwa limekwisha tendeka tarehe 9 Desemba 1961, pale Luteni Alexander Nyirenda, askari wa jeshi la Tanganyika, alipousimika Mwenge wa Uhuru na bendera juu ya Kilimanjaro. Nchi mbili jirani, kila moja kwa wakati wake, zilipotaka kuutangazia ulimwengu kwamba ziko huru, zilimtuma mtu mlimani.

Bendera ya kileleni huonekana na wote. Lakini mlima una mambo mengine yasiyoonekana kwa mbali, na hayo ndiyo yanayoamua kama wananchi walio chini watakunywa, watalima na kulala kwa amani. Mambo hayo yawahusu sana ninyi, wapiganaji na askari wa polisi, mliozoea kupiga doria.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana. Vilele vyake viwili vya juu kabisa, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni majabali matupu yasiyopandika bila ya kamba na ujuzi. Lenana, kilele cha tatu, hupandwa kwa miguu na mtu mwenye afya njema na subira. Mbavuni mwa mlima huo hutiririka vijito vingi vinavyokwenda kujaza mito miwili. Mto Tana huteremka hadi Bahari ya Hindi, na njiani umefungiwa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayoipatia Kenya umeme. Ewaso Nyiro huelekea kaskazini, kwenye nchi kavu ya Samburu na Isiolo, ambako mfugaji na mifugo yake humtegemea mto huo kufa na kupona. Miaka ya ukame mto huo hukauka sehemu za chini. Na maji yanapokosekana mtoni, ugomvi wa mkulima na mfugaji huwa hauko mbali. Anayeitwa kuamua, usiku au mchana, ni askari.

Sasa maji hayo yatoka wapi hasa? Wengi hudhani yatoka katika barafu inayong'aa kileleni. Sivyo. Barafu huchangia kidogo tu. Maji mengi ni mvua iliyonaswa na msitu pamoja na mbuga za baridi zilizo juu ya msitu. Apandaye kwa miguu hulithibitisha jambo hilo kwa macho yake, maana huuona mlima ukibadilika kana kwamba anavuka nchi kadhaa kwa siku chache. Kwanza hupita katika msitu mnene wa mikafuri na mitarakwa. Kisha huingia katika ukanda wa mianzi. Juu ya mianzi miti hupungua kimo, ukungu hutanda, na hatimaye huwa hakuna mti ila majani magumu yaotayo kwa mafungu, udongo mweusi uliojaa maji, na mimea ya ajabu iitwayo lobelia na senesio, ambayo mingine huwa mirefu kuliko mtu.

Mimea hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mchana mlimani huweza kuwa na jua kali, na usiku ule ule maji yakaganda. Senesio hukabiliana na hali hiyo kwa kuyashikilia majani yake makavu kuzunguka shina, yakawa kama koti la baridi. Lobelia ya mabondeni hufunga majani yake usiku ili kulilinda chipukizi lililo katikati. Maji yaliyomo ndani yake huganda juu tu, na yaliyo chini hubaki majimaji. Ndege aina ya chozi hunyonya asali ya maua yake, na pimbi hukaa katika miamba ya jirani. Lakini mimea hiyo hukua polepole mno. Unaokatwa leo kwa panga, au kuchomwa kwa uzembe, hauwezi kurudi kwa msimu mmoja.

Udongo mweusi wa mbuga hizo hufanya kazi kama sifongo: hufyonza mvua, kisha huiachia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Huo ndio moyo wa jambo tunalolieleza. Mpandaji anayekwepa matope kwa kutoka nje ya njia hukanyaga majani, na wa nyuma yake humfuata. Njia moja huwa tatu, kisha maji ya mvua hupata mfereji, mfereji huwa korongo, na sifongo huanza kukauka. Aliyeyafanya hayo hakukusudia ubaya wowote. Alitaka tu kuokoa viatu vyake.

Barafu nayo ina habari yake. Barafu iitwayo Lewis, kubwa kuliko zote za mlima huo, ilipoteza takriban sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Sababu ni kubadilika kwa hali ya hewa ya dunia nzima, na hakuna mpandaji awezaye kuizuia kwa mikono yake. Lakini msitu na mbuga vyaweza kulindwa na watu walio papo hapo, na kwa hiyo havina udhuru.

Adui wa kwanza wa mbuga hizo ni moto. Mwezi Machi 2012 moto mkubwa uliunguza sehemu za Mlima Kenya, na mwaka 2019 ukawaka tena. Tusidhani hayo ni ya jirani tu: Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro, na wakati ule ilielezwa kuwa ulianzia mahali ambapo wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Moto wa chungu kimoja huweza kuteketeza mlima.

Adui wa pili hujificha. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulikaguliwa kwa ndege, yakaonekana yale ambayo mtu wa barabarani asingeyaona: mikafuri iliyokatwa kinyume cha sheria, matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi katikati ya miti. Baada ya ukaguzi huo ulinzi wa msitu ulikabidhiwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Ndege ilionyesha maovu yalipo, lakini kuyafikia kulihitaji miguu ya askari.

Historia ya vita inatupa mfano wa thamani ya macho. Mwaka 1943 mateka watatu Waitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini Nanyuki kwa nia ya kuupanda mlima huo. Hawakuwa na ramani. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama, na yale waliyoyaona kwa kuutazama mlima siku baada ya siku. Barsotti aliugua akabaki chini. Wawili wakafika Lenana, kisha wote wakarejea kambini wenyewe. Aliyezoea kutazama hupata njia pale ambapo mwingine huona ukungu tu.

Basi kanuni za mpandaji si ngeni kwa askari. Panda polepole, kwa maana anayekimbilia juu hupatwa na maradhi ya kimo, na dawa ya kwanza ya maradhi hayo ni kuteremka mara moja. Fuata njia iliyopo hata kama ina matope. Usiwashe moto wa kuni. Tumia jiko, na usiliache likiwaka peke yake. Kilichopanda nawe, kopo au karatasi, kiteremke nawe. Usikate wala using'oe. Tazama, kumbuka, na uonapo moshi, kisiki kibichi au njia mpya isiyoeleweka, toa taarifa kwa wahusika.

Mipaka ya nchi hulindwa kwa bunduki. Chemchemi zake hulindwa kwa nidhamu ya mtu mmoja mmoja, mahali ambapo hakuna kamanda wa kumwona wala raia wa kumpigia makofi. Majirani zetu wa Kenya wana mlima wao, nasi tuna wetu; na kila anayeupanda aidha huuacha ukiwa salama kwa anayekunywa maji yake, au hupunguza kidogo sehemu ya nchi aliyoapa kuilinda.